Dhamiri za Kiarabu zifundishwe kwa Kiswahili chetu

Ndugu Mhariri,

Asalaam alaykum, na habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na kama itawezekana barua isikatwe katikati maana mambo yenyewe yanashikana. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mchana niko na vitambaa, jioni baada ya isha nasomesha Kiarabu cha mwanzo kwa watu wazima, watu wa kawaida tu, bodaboda, mama lishe, wauza mitumba, walimu wa sekondari wachache, na wengine wameingia Uislamu wakiwa tayari na familia zao. Nataka kuongelea jambo moja, dhamiri za Kiarabu, yaani zile mimi, wewe, yeye, ambazo shuleni tuliziita viwakilishi vya nafsi. Linaonekana jambo dogo lakini hapa ndo watu wengi wanapoachia njiani. Mtu amejifunza herufi vizuri, irabu anazisoma, anaunganisha maneno, tukigusa tu dhamiri unaanza kuona mikeka inabaki mitupu.

Na wala sio kwamba dhamiri zenyewe ni ngumu, shida ni namna zinavyoletwa. Kuna karatasi inazunguka huku kwetu, ya kutolewa kopi, nimeikuta Uyole, nimeikuta Tukuyu, mgeni aliyetoka Makambako naye alikuja nayo mfukoni, ni jedwali lina vyumba 14 na juu limeandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi anaambiwa akariri lote kisha arudi alisome bila kuangalia. Sasa hebu fikiria mama ambaye siku nzima yuko jikoni anapika maharage na chapati, Kiingereza alikiacha darasa la saba, anapewa lugha ya pili aivuke ndio aifikie ya tatu. Kwa nini? Kiswahili kipo, anakijua, tena kwenye hili la dhamiri Kiswahili kiko karibu na Kiarabu kuliko hicho Kiingereza chenyewe.

Nitoe mfano mmoja tu watu waone. Kwenye hiyo karatasi neno you limeandikwa mara sita. Anta ni you, anti ni you, antuma ni you mara mbili, ya kiume na ya kike, antum ni you, antunna ni you. Mwanafunzi anauliza, maalim, sasa tofauti iko wapi? Na ana haki ya kuuliza. Kwa Kiswahili huwezi kupata hiyo shida kwa kiwango hicho, kwa sababu sisi tangu tunanyonya tunajua wewe sio ninyi. Ukimwambia anta ni wewe mwanamme, anti ni wewe mwanamke, antuma ni ninyi wawili, antum ni ninyi wengi, antunna ni ninyi wanawake watupu, amekuelewa palepale na bado chai haijapoa.

Kitu kingine ni mpangilio. Vitabu vya kizungu na programu za kwenye simu zinaanza na mimi, halafu wewe, halafu yeye. Masheikh wetu wanaanza na yeye, huwa, huma, hum, wanaenda kwa hiya, huma, hunna, wanafuata anta na wenzake, mimi na sisi wanakuja mwisho kabisa, ana na nahnu. Mwanafunzi anayesoma kwa ustadhi na usiku anafungua simu anachanganyikiwa, anadhani mmoja kati yao amekosea. Hakuna aliyekosea. Waarabu wa nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, walianza na yeye kwa sababu kitenzi cha yeye mwanamme kwa wakati uliopita ndio kitupu kuliko vyote, kataba, aliandika, hakijaongezwa chochote mwishoni, alafu vingine vinajengwa juu yake, katabat kwa mwanamke, katabta kwa wewe, katabtu kwa mimi, katabna kwa sisi. Hata majina ya hizo nafsi yanaonyesha hivyo, ghaaib ni asiyekuwepo, mukhaatab ni anayesemeshwa, mutakallim ni anayesema. Ukimweleza mtu hiyo sababu kwa dakika mbili hachanganyikiwi tena, anaweza hata kuanzia mwanzo au mwishoni vile anavyotaka. Wengi hawaelezwi, wanaambiwa kariri.

Na lile swali la vyumba 14. Ukihesabu maneno yenyewe ni 12, maana huma inatumika kwa wawili wa kiume na wawili wa kike, na antuma vilevile. Kwa hiyo mtu akijua hivyo mzigo umeshapungua. Ana, nahnu, anta, anti, antuma, antum, antunna, huwa, hiya, huma, hum, hunna. Basi. Kiswahili kina sita, mimi, sisi, wewe, ninyi, yeye, wao. Kinachoongezeka kwenye Kiarabu ni vitu viwili, kutenga mwanamme na mwanamke, na kutenga wawili na wengi. Ukishasema hivyo umemaliza utangulizi, sasa ingia kwenye mifano.

Watu wananiambia, lakini maalim Kiswahili hakina mambo ya kike na kiume, yeye ni yeye tu, mtoto wa Kiswahili atajuaje huwa na hiya? Jamani. Huyu mtoto wa Kiswahili anasema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka, gari limeharibika, nyumba imebomoka, na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Anapatanisha ngeli zote hizo huku anakimbiza tairi. Kiarabu kina mafungu mawili tu. Mtu anayebeba ngeli za Kiswahili, na nyumbani ana Kinyakyusa au Kihehe au Kibena chenye ngeli zaidi, hawezi kushindwa na mawili. Anachohitaji ni mwalimu amwambie kwamba hii ni kazi ileile uliyoizoea, tena ndogo zaidi. Hata ile kanuni inayowashangaza watu, kwamba vitu visivyo watu vikiwa vingi vinaitwa hiya kama mwanamke mmoja, vitabu ni hiya, milima ni hiya, nyota ni hiya, kwetu haishangazi sana, sisi wenyewe vitu vyetu vikiwa vingi tunavihamisha ngeli.

Kuna jambo lingine zuri ambalo halisemwi. Kiarabu hakihitaji ni. Ukitaka kusema mimi ni mwalimu unasema ana mu'allim, mimi mwalimu. Huwa twaalib, yeye mwanafunzi. Nahnu muslimuun, sisi waislamu. Na hapa Mwanjelwa mtu anasimama anasema mimi fundi, huyu mwenzangu dereva, sisi watu wa Kyela, na kila mtu anamwelewa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya Kiarabu mwanafunzi anaweza kuitengeneza siku hiyohiyo ya kwanza na akarudi nyumbani anaisema. Angalizo moja tu kwa wasomeshaji, ana na huwa zipo kwenye Kiswahili na zina kazi nyingine kabisa, kwa hiyo wiki za mwanzo andikeni kwa herufi za Kiarabu, jicho lizoee, mtu akiona herufi za kilatini akili yake inarudi kwenye Kiswahili bila kutaka.

Sasa nije kwenye dhamiri za kuunganishwa, zile zinazobandikwa mwishoni mwa neno, maana hapa ndo penye utamu na ndo wengi wanapofundishwa vibaya kabisa. Kitabii kitabu changu, kitabuka kitabu chako mwanamme, kitabuki kitabu chako mwanamke, kitabuhu chake yeye mwanamme, kitabuha chake mwanamke, kitabuna chetu, kitabukum chenu, kitabuhum chao. Mwanafunzi akiona dhamiri imeng'ang'ania neno anaona ni jambo geni. Sio geni. Kiswahili kinafanya hivyohivyo kwa watu wetu wa karibu, mwanangu, mwanao, mwanawe, mkeo, mkewe, mumeo, mwenzangu, mwenzako, mwenzake, nduguye. Hakuna anayesema mke wake tu siku zote, wazee wetu wanasema mkewe, neno moja. Mimi darasani naanza na hayo, naandika ubaoni mwenzangu, mwenzako, mwenzake, watu wanacheka wanasema hilo tunalijua, alafu chini yake naandika saahibii, saahibuka, saahibuhu. Hakuna anayelalamika tena.

Na kwenye kitenzi ndio kabisa. Chukua Suratul Kawthar, sura ya 108, kila mtoto wa madrasa anayo. Inna a'taynaakal kawthar. Hapo kwenye a'taynaaka kuna naa ambayo ni sisi na kuna ka ambayo ni wewe. Sasa tafsiri kwa Kiswahili, tumekupa. Tu ni sisi, ku ni wewe. Neno moja kwa Kiarabu, neno moja kwa Kiswahili, ndani yake watu walewale wawili. Suratul Qadr, anzalnaahu, naa ni sisi na hu ni hiyo Qur'ani, kwa Kiswahili tumeiteremsha, tu na i. Kinachobadilika ni mahali pa kukaa tu, sisi tunaweka mbele ya mzizi, wao kwa wakati uliopita wanaweka nyuma. Na ukienda kwenye kitenzi cha wakati uliopo Kiarabu nacho kinaweka mbele kama sisi, aktubu naandika, taktubu unaandika, yaktubu anaandika, naktubu tunaandika. Mzungu lazima amwandike huyo mimi na huyo wewe kila mmoja peke yake, sisi na Waarabu tunawaingiza ndani ya neno. Sasa unamchukuaje mwanafunzi wa Kiswahili umpitishe kwa mzungu?

Nieleze pia kitu kinachohitaji macho. Khalaqnaa na khalaqanaa. La kwanza ni tumeumba, la pili ni ametuumba. Tofauti ni alama moja tu juu ya ile herufi qaaf, sukuni ambayo ni alama ya kukosa irabu, au fat-ha ambayo ni irabu ya a. Naa ni ileile, mara ni mtendaji mara ni mtendwa. Mwanafunzi aliyekariri jedwali hawezi kuona, ila aliyezoea tumeumba na ametuumba anajua kabisa kuwa hayo ni maneno mawili tofauti na atatafuta tofauti mpaka aipate. Na hapa nawaomba wasomeshaji wenzangu tusipuuze irabu, mtu akisoma harakaharaka bila sukuni anageuza maana ya aya.

Ninavyoona mimi, Mhariri, mwanafunzi wetu hahitaji kuanzia kwenye sentensi za mezani, sijui kalamu iko juu ya meza, meza iko chini ya dirisha. Anazo dhamiri nyingi tayari kichwani mwake, anazisoma kwenye swala kila siku, hajaambiwa tu kwamba ndizo. Huwa iko kwenye Qul huwallahu ahad. Hiya iko kwenye Salaamun hiya hattaa matla'il fajr. Hum iko kwenye Suratul Maa'uun, alladhiina hum 'an salaatihim saahuun. Ana na antum ziko pamoja kwenye Al Kaafiruun. Anta iko kwenye Al Ghaashiya, innamaa anta mudhakkir. Iyyaaka ya kwenye Fatiha, ambayo ni dhamiri inayosimama peke yake kwa ajili ya mtendwa, wewe tu ndiye tunayekuabudu, hiyo tunaisoma kila rakaa. Huma tuipate kwenye Suratut Tawba, idh humaa fil ghaar, walipokuwa wawili pangoni, Mtume rehema na amani zimfikie pamoja na Abubakar. Nani atasahau kwamba huma ni wawili akishakisikia kisa cha pangoni? Na hunna, ambayo watu wanaiona ngumu, iko kwenye aya inayosomwa kwenye harusi zetu, hunna libaasun lakum wa antum libaasun lahunna, wao wanawake ni vazi lenu na nyinyi ni vazi lao. Kwenye mstari mmoja una hunna, kum, antum na hunna tena. Mimi kama fundi nguo aya hiyo naipenda sana.

Ngoja nisimulie kidogo tunavyofanya, maana ukisema tu watu hawaoni. Tunachukua Washamsi, sura ya 91, aya 15, na zote zinaishia na haa. Wadhuhaahaa, talaahaa, jallaahaa, yaghshaahaa. Nawaambia wasifunge macho wakasoma kwa sauti ya madrasa, wasome polepole na kila wakifika kwenye haa wasimame waniambie inamrudia nani. Kijana mmoja wa bodaboda ambaye amehifadhi sura hiyo tangu utotoni kwao Rungwe alisimama akasema, maalim mimi siku zote nilijua haa ni mwisho wa wimbo tu, yaani kama kibwagizo. Nikamwambia haya, tuanze, dhuhaahaa, mwangaza wake, wa nani? Akasema wa jua. Jua kwa Kiarabu ni la kike, shams, ndio maana imekuja haa na sio hu. Talaahaa, mwezi unapolifuata, kulifuata nini? Jua. Tukafika wassamaai wamaa banaahaa, akataka kusema jua tena, mama mmoja nyuma akamkatiza, hapana mwanangu, hapo sasa ni mbingu, mbingu ndio imejengwa. Tukaenda hivyohivyo, tahaahaa ni ardhi, sawwaahaa ni nafsi, zakkaahaa ni nafsi, taghwaahaa ni kabila la Thamud, suqyaahaa ni yule ngamia jike na zamu yake ya kunywa maji. Haa ileile, kila baada ya hatua inamshika mwingine. Walibishana pale kwenye mwisho, fasawwaahaa na 'uqbaahaa, na nikawaacha wabishane maana mtu anayebishana dhamiri inamrudia nani huyo ameshaanza kusoma nahau. Baadaye walienda Idhaa zulzilati wenyewe bila mimi, zilzaalahaa, athqaalahaa, akhbaarahaa, zote ni ardhi, walinitumia voisi usiku wakiwa na furaha.

Na ukishafika hapo unaweza kuwaambia kuhusu hu kugeuka hi na hum kugeuka him. Bihi, fiihi, 'alayhi, 'alayhim, fiihim. Ikitanguliwa na kasra, yaani irabu ya i, au ile herufi yaa yenye sukuni sauti inalainika. Hakuna haja ya kanuni ndefu, wasome ilaafihim na at'amahum kwenye Suratu Quraysh, masikio yao yatawaambia kwa nini huku ni him na kule ni hum.

Dhamiri iliyojificha ndiyo rahisi kuliko zote, inaitwa mustatir, na wanafunzi huwa wanaiogopa kwa ajili ya jina. Iqra', soma. Nani asome? Wewe. Hujaandikwa lakini upo. Mama akimwambia mtoto kaa, hasemi wewe kaa, na mtoto anakaa. Inatosha.

Sasa naomba niseme jambo ambalo linaniuma kweli, nalo ni akina mama na akina dada. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp mtu akitoa mchango au akileta faida watu wanamwandikia jazaakallahu khayran, wote, hata kama ni Bi fulani, ndiye aliyepika biriani ya futari nzima. Ka ni wewe mwanamme. Mwanamke anaandikiwa jazaakillahu khayran, ki, na wengi wanaandikiwa jazaakumullahu. Baarakallahu fiika, fiiki, fiikum. Akipiga chafya mwanamme yarhamukallah, mwanamke yarhamukillah. Na tukimtaja Bibi Aisha ni radhiyallahu 'anhaa, sio 'anhu, tukimtaja yeye pamoja na baba yake ni 'anhumaa. Qur'ani yenyewe malaika waliposema na Maryam kwenye Aal 'Imraan walisema inna llaaha stafaaki wa tahharaki, ki, mara mbili, Allah amekuteua wewe mwanamke na amekutakasa. Sasa sisi ni nani tusimpe mama yetu ki yake?

Penye uzito zaidi ni msibani. Tunamsalia maiti, na ile dua inasema allahumma ghfir lahu warhamhu wa 'aafihi wa'fu 'anhu. Hu, hu, hi, hu, zote ni yeye mwanamme. Akiwa mama ni laha, warhamhaa, wa 'aafihaa, wa'fu 'anhaa. Nimesimama kwenye safu za janaza za akina mama na kulia kushoto nasikia lahu, lahu. Sisemi swala imeharibika, hayo ni ya masheikh na wao wana maelezo yao kwamba anaweza kukusudiwa maiti kama neno, ambalo kwa Kiarabu ni la kiume, mimi sio wa kutoa hukumu. Ninachosema ni kwamba huyo aliyelala pale ni bibi yetu, ametulea, ametubeba mgongoni kwenye baridi ya mwezi wa saba, na ili umuombee yeye kwa namna yake unahitaji kubadilisha sauti moja tu mwishoni, na mtu ambaye hajaambiwa kwamba hu na haa ni watu wawili tofauti hawezi kubadilisha. Mwanafunzi wangu mmoja, mwanamke, aliniambia, maalim mama yangu alipofariki sikujua hata kama kuna laha, ningejua ningeisema. Alilia. Tangu hapo somo la hu na haa nalifundisha wiki ya kwanza kabisa kabla ya jedwali lolote, kabla hata ya huma na antuma, na nawaomba ustadhi wengine mfanye hivyo.

Kuhusu alaykum pia watu wanauliza, kwa nini namsalimia mtu mmoja kwa kum ambayo ni nyinyi? Unaweza kusema 'alayka kwa mwanamme mmoja na 'alayki kwa mwanamke mmoja, Kiarabu kinaruhusu, lakini kum imezoeleka na inabeba na malaika walio naye. Kwa watu wa huku kwetu hili ni jepesi, Mnyakyusa hamsalimii mkwe wake ugonile, anamwambia mugonile, na yuko peke yake amesimama mlangoni. Heshima ya wingi tumeikuta kwa babu zetu, kwa hiyo ukiona Kiarabu kinafanya hivyo usione ajabu.

Kuna ustadhi mmoja mzee tunayeheshimiana sana, yeye anasema Kiarabu kifundishwe kwa Kiarabu, ukichanganya na Kiswahili mwanafunzi hafiki mbali. Mzee wangu, nakuelewa, na kwa mtoto anayekaa madrasa kutwa nzima miaka kwa miaka hilo linawezekana. Lakini mtu wangu mimi ana saa moja, amechoka, kesho alfajiri anatakiwa sokoni kupokea viazi. Huyo mpe mlango anaoujua aingie, akishakuwa ndani utamsemesha Kiarabu vyovyote utakavyo. Na wengi wetu huku nyanda za juu hatukukulia Pwani, hatukusikia Kiarabu barazani kwa babu, kwa mtu wa Lamu au Unguja masikio yamezoea tangu zamani, kwa mtu wa Mbozi au Mufindi mnamwanzishia kitu kipya. Kuna haja ya kumhurumia.

Kwa hiyo Mhariri maombi yangu ni haya. Gazeti lako lina ukurasa wa dini siku ya Ijumaa na lina kona ya lugha, nyakati nyingine kona hiyo inajazwa na chemshabongo. Naomba kipande kidogo tu, hata robo safu, kila Ijumaa dhamiri moja, iandikwe kwa herufi za Kiarabu na irabu zake zote, chini yake Kiswahili, chini yake aya fupi ambayo watu wanaijua. Wako masheikh wengi wanaoweza kuiandika vizuri kuliko mimi, Iringa mjini wapo, Mbeya wapo, Songea wapo, mtu awaombe tu. Wenye stationari nao wanaotoa kopi ile karatasi ya Kiingereza, wekeni basi na ya Kiswahili kando yake, mteja achague. Na ustadhi wenzangu, mkianza muhula mpya baada ya mfungo, jaribuni siku ya kwanza kuweka jedwali pembeni muanze na Inna a'taynaaka na tumekupa, muone nani atarudi kesho yake.

Kwa atakayeandika kona hiyo, naomba Ijumaa ya kwanza iwe hu na haa.

Wasalaam,
Fundi na msomeshaji,
Mwanjelwa, Mbeya